Hodi kwa Ajili ya Paka

Ndugu zangu wa Tanga,

Dhumuni la barua hii ni kujibu maswali yaliyofurika kwenye grupu la WhatsApp la ukoo tangu ile picha ya nguzo ilipowafikia. Naam, hiyo ni nguzo ya taa ya barabarani, na tangazo lililobandikwa pale ni la paka. Fedha iliyotajwa chini ni zawadi ya atakayemwona, wala si bei yake. Baba Mkubwa ameshakata shauri kwamba Waingereza wamekosa kazi. Shangazi kasema paka hapotei, hutembea tu, na akichoka matembezi hurudi. Binamu, kwa kuwa amesoma sheria mihula miwili, anauliza kama kuna kesi. Nitawajibu wote watatu, ila kwanza niweke wazi ninachokishikilia, mjue mnabishana na nani: huyu mwenye paka yuko timamu kabisa, na paka wake yupo hapo hapo mtaani, pengine nyumba ya tatu. Kinachomtoa jasho ni milango iliyopo kati yao.

Tangazo lenyewe lina ufundi wake, na lafaa kusomwa kwa utulivu ule ule mnaosomea matangazo ya waganga kwenye nguzo za umeme hapo Ngamiani. Mganga huahidi kurudisha mume, mali na cheo kazini kwa mpigo mmoja. Tangazo la huku linaomba kiumbe mmoja tu, mwenye soksi nyeupe miguuni. Karatasi hutiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mdomo wa mfuko hugeuzwa chini, maana mvua ya huku haina msimu wala haya. Juu kuna picha, halafu jina, halafu wasifu ambao wengi wetu hatujawahi kuandikiwa hata na walimu wakuu wetu: ni mpole lakini mwoga, huja akisikia bakuli likigongwa, usimkimbize, piga simu saa yoyote ya usiku. Mwisho kabisa, kwa herufi kubwa, huwekwa ombi: tafadhali fungua banda lako la bustani uangalie ndani. Wapita njia wengi husoma picha na zawadi, wakaliruka ombi hilo. Kumbe ndilo lenye akili kuliko yote yaliyotangulia.

Nasema hivyo kwa ushahidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walichapisha uchunguzi wa paka zaidi ya 1,200 waliopotea, wakiwauliza wenyewe walitafuta vipi na walimwona wapi. Theluthi moja hivi walipatikana wakiwa hai ndani ya siku 7, na ulipotimia mwaka asilimia 61 walikuwa wamepatikana. Lakini hesabu ninayotaka Baba Mkubwa aiandike pembeni ni hii: robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipotokea. Huo ni mwendo wa mtoto aliyetumwa dukani kununua chumvi. Tena uchunguzi huo huo uliona kwamba kutafuta kwa miguu, kuinama na kuchungulia, kuliongeza nafasi ya kumpata paka akiwa hai. Sababu yake haina uchawi. Paka aliyeshtuka, hasa yule wa ndani aliyechomoka mlango ulipoachwa wazi, hajibu akiitwa, hata na yule anayemlisha. Hujikunyata chini ya sakafu ya mbao au nyuma ya mapipa ya taka, akanyamaza kama mdaiwa. Kwa hiyo wanaoijua kazi hii hutoka usiku na tochi: ndani ya jicho la paka, kwa nyuma, kuna utando unaorudisha mwanga, na macho mawili yakimeta chini ya ua wa michongoma huonekana kutoka mbali, ambapo mchana ungempita hatua moja usimwone.

Hapa nitoke nje ya hoja kidogo. Mtu wa rangi yetu, saa nne za usiku, akikutwa amelala kifudifudi chini ya gari la mtu huku akinong'ona jina la Kizungu, hana budi awe na maelezo mafupi sana na yanayoaminika haraka. Nawashauri vijana mnaopanga kuja kusoma: matangazo yatangulie, tochi ifuate. Mtaa ukishaijua sura ya paka, nawe utavumiliwa.

Turudi kwenye milango. Mwaka 2013 BBC walishirikiana na chuo cha madaktari wa mifugo, Royal Veterinary College, wakawavisha paka 50 wa kijiji cha Shamley Green, Surrey, mikanda yenye vifaa vya GPS na baadhi yao kamera ndogo. Wengi hawakwenda mbali. Ila waliingia nyumba za watu wengine kupitia vile vijimlango vya paka, wakala chakula cha wenyeji wao, wakatoka. Yaani paka wa kijiji kile wanazijua jikoni za majirani kuliko wenye nyumba wenyewe wanavyojuana. Na ushahidi unaonikoleza zaidi ni mkanda wa karatasi. Mashirika ya paka ya huku, Cats Protection wakiwemo, humshauri mtu anayeona paka asiyemjua akija kila siku bustanini amfungie shingoni mkanda mwepesi wa karatasi wenye ujumbe: kama huyu ni paka wako, tafadhali nipigie. Paka huenda na barua yake hadi kwake, na mwenyewe akiisoma hupiga simu. Ushauri ni mzuri, sina neno nao. Lakini fikirini hali yenyewe: watu wawili waliotenganishwa na ukuta wa mbao usiofika kifua wanaandikiana, na tarishi ni paka. Kwenye uwanja wetu, mtoto angepanda juu ya ndoo akapaza sauti mara moja, kesi ikaisha.

Najua Shangazi anacheka sasa, na ana haki, kwa sababu takwimu ziko upande wake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, kati ya paka waliopatikana, zaidi ya nusu walirudi kwa miguu yao. Nakubali bila kinyongo. Lakini karibu theluthi moja walipatikana kwa sababu watu walizunguka mtaani wakiwatafuta, na hao ndio ninaowatetea. Paka hurudi mwenyewe pale tu njia ya kurudia ikiwa wazi. Nyumbani, mlango wa uani haufungwi mpaka usiku, na jiko liko nje. Huku, mwenye bustani huingia kwenye banda lake Jumapili jioni kuweka mashine ya kukatia majani, paka akapenya nyuma yake kwa udadisi, kufuli likabanwa, na banda lisifunguliwe tena hadi majani yarefuke. Uhodari wa paka kurudi haufungui kufuli. Tena, Shangazi, tusijisifu kupita kiasi. Paka wa Lamu wanaoota jua vichochoroni, na hao wa soko la samaki hapo Tanga, hawapotei kwa kuwa kila mtu anawaona na kila mtu huwatupia kichwa cha dagaa. Lakini pia asiyeonekana tena hakuna anayemuulizia. Kupotea kunahitaji mtu wa kusema hayupo. Sisi tuna macho mengi mtaani na mwulizaji hatuna. Waingereza mwulizaji wanaye, ila macho yote yamo ndani, pazia limeshushwa.

Kijana mmoja kwenye grupu kauliza: si wana chipu? Wanayo, na sasa ni sheria. Tangu tarehe 10 Juni 2024, hapa England, kila paka wa kufugwa awe amewekewa chipu kabla hajatimiza wiki 20, na mwenye kukaidi aweza kutozwa faini hadi pauni 500. Lakini mmeiwazia kama simu. Chipu ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, huingizwa chini ya ngozi kati ya mabega, hakina betri, na kazi yake nzima ni kutaja namba yenye tarakimu 15 pale kinapopitishiwa kisomeo. Hakisemi paka yuko wapi. Husema ni wa nani, baada ya mtu kwisha kumshika na kumpeleka kwa daktari, na iwapo mwenyewe alikumbuka kubadilisha namba yake ya simu alipohama. Maana yake teknolojia yote hiyo huanza kufanya kazi baada ya jirani mmoja kujali. Msiniletee habari za Holly kama pingamizi, maana namjua: paka wa Florida aliyepotea Daytona Beach mwezi Novemba 2012 kwenye mkusanyiko wa magari ya kulala safarini, akaonekana mkesha wa Mwaka Mpya mjini kwao West Palm Beach, kiasi cha kilomita 320, amekonda na makucha yamelika. Ni kweli, na dunia nzima ilistaajabu. Lakini baada ya kilomita zote hizo nguvu zilimwishia kama maili moja kutoka kwake, kwenye uwanja wa nyuma wa watu asiowajua. Wao ndio waliomlisha wakampeleka kwa daktari, ndipo chipu ikasema. Hata bingwa wa kurudi mwenyewe alimaliziwa safari na wenye uwanja.

Asiyeweza kugonga mlango mwenyewe huajiri wa kumgongea. Colin Butcher, aliyekuwa mpelelezi wa polisi, alijipatia jina hapa kwa kazi ya kutafuta wanyama waliopotea, na msaidizi wake aliyevuma ni Molly, mbwa aliyefunzwa kwa msaada wa shirika linalofundisha mbwa kunusa magonjwa. Molly alikuwa akinusishwa manyoya ya paka anayetafutwa, halafu akiingia kwenye mabustani kumsaka huyo tu, wengine akiwapita kama hawapo. Naam, mbwa alitumwa kumwokoa paka, na alilipwa kwa vitafunwa. Wale mnaodhani huo ndio upeo wa wazimu, hesabuni tena: wenye nyumba walimfungulia mpelelezi na mbwa wake lango ambalo jirani wa miaka saba hakuwahi kuthubutu kuligonga. Kwa maoni yangu Butcher aliuza ruhusa ya kuingia, na pua ya Molly ilikuwa nyongeza.

Limebaki shauri zito la Baba Mkubwa, kwamba ulimwengu una wenye njaa na wakimbizi, na kumlilia paka ni anasa ya walioshiba. Ningelikubali, isingekuwa kwamba kisa kikubwa cha kutafuta paka cha miaka hii ni cha wakimbizi wenyewe. Mwaka 2015 familia moja ya Mosul, Iraq, ilikimbia vita ikiwa na paka wake mweupe, Kunkush, ndani ya kikapu. Walivuka bahari pamoja naye hadi kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, na hapo, katika purukushani ya kushuka, akachoropoka. Walimtafuta, hawakumwona, ikawabidi waendelee na safari. Watu wa kujitolea walimwokota, wakamtunza, akapelekwa Berlin huku picha zake zikizungushwa kwenye intaneti, hadi familia ilipotambuliwa Norway na paka kukabidhiwa kwao Februari 2016. Watu waliopoteza nyumba, mtaa na nchi hawakuona kwamba paka ni kitu kidogo. Baba Mkubwa, ukiwa na moyo wa kuwaambia hao wamekosa kazi, mimi sitakusaidia kuandika.

Sasa Binamu na kesi yake. Kesi ipo, ila imekaa upande. Sheria ya barabarani ya mwaka 1988 inamtaka dereva atoe taarifa akigonga farasi, ng'ombe, punda, baghala, kondoo, nguruwe, mbuzi au mbwa. Paka hayumo. Mbuzi, ambaye sijui lini alionekana mara ya mwisho akivuka barabara za London, yumo. Halafu mwaka 2024 ikaja sheria ya utekaji wa wanyama wa kufugwa, na hapo paka akapandishwa cheo: anayemchukua paka wa mtu aweza kufungwa hadi miaka 5. Lakini someni kwa makini. Kwa mbwa, kosa ni kumchukua au kumzuia. Kwa paka, kosa ni kumchukua tu, kwa sababu watunga sheria walijua kwamba paka huingia kwa watu bila kualikwa na hukaa apendavyo. Na kusajiliwa kwenye chipu si hati ya umiliki. Kunaonyesha nani anamtunza, basi. Kwa hiyo paka aliyetoka kwa hiari yake, akavuka ukuta wa mbao, akakuta jodari na kiti kando ya moto kwa bibi wa nyumba ya tatu, naye bibi hakumwita wala hakumfunga mlango, bali alimwachia tu atoke akitaka, na yeye hataki: hapo hakuna mtekaji. Yupo mwenye paka amesimama mlangoni na karatasi iliyolowa mkononi, ameshapiga hodi na hodi imeitikiwa, na paka anamtazama kutoka kitini bila kunyanyuka.

Hilo sheria za huku hazijalipatia jibu la kuniridhisha. Naliachia baraza: mkiswali Ijumaa mkakaa, liamueni, na Binamu aandike hukumu kwa mwandiko unaosomeka. Kuhusu mabati mliyoniomba, nimesikia. Nitatuma mwisho wa mwezi.

Wenu wa ughaibuni.