Usiku Bibi Alipolitoa Jiko

Steringi hafi. Mtoto yeyote aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video anaijua kanuni hiyo, na filamu za maafa zina kanuni nyingi kuliko hiyo moja. Lazima awepo mtaalamu anayeziona dalili mapema. Lazima awepo mkubwa anayembishia. Itakuwepo familia iliyotengana, ipatane dunia ikiwa inabomoka. Na yupo mbwa, naye mbwa hupona. Filamu ya 2012, iliyotoka mwaka 2009, ina familia hiyo na ina mbwa huyo. Tangu Songea iunganishwe na gridi ya Taifa mwaka 2018 tumeachana na mitambo ya dizeli, kwa hiyo pale nyumbani Lizaboni wanangu wameziangalia hizi filamu mpaka wanatabiri nani atakufa.

Usiku mmoja wa Julai ilikuwa zamu ya Dante's Peak, ya mwaka 1997, kuhusu mlima wa volkano unaoamka juu ya mji mdogo wa Marekani. Kaka yangu, aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam, ndiye aliyeileta kwenye flashi. Mtoto wangu mkubwa akawatangazia wenzake mapema kabisa: huyu Harry Dalton, mtaalamu wa volkano, ndiye steringi, bosi wake Paul anabisha, basi huyo hafiki mwisho. Hakukosea hata moja.

Julai kwetu ni baridi kweli. Mji uko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na upepo unaoshuka Matogoro jioni haumwonei huruma mtu aliyezoea joto la pwani. Kaka alivaa masweta mawili, bado meno yakawa yanagongana. Akaenda uani, akabeba jiko la mkaa lililokwisha kukolea, akaliweka katikati ya sebule. Akafunga madirisha. Kisha akakunja shuka kuukuu na kuizibia chini ya mlango.

Mama yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi, alipita akielekea chumbani kwake.

"Mwanangu, hilo jiko litoe nje."

"Mama, limeshakolea, halina hata moshi. Baridi hii itawaumiza watoto."

"Hilo lisilo na moshi ndilo baya."

"Filamu ikiisha nalitoa, Mama."

Bibi akaenda kulala. Mimi nilikuwa kwenye jiko la nje nachambua maharage ya kesho, na mazungumzo haya nilisimuliwa baadaye.

Yaliyofuata hayakuwa na kishindo. Mtoto wetu mdogo alisinzia mapema, na kwa kuwa ilikuwa usiku, nani angeshangaa? Wa kati akasema kichwa kinamgonga; akaambiwa amekaa karibu mno na televisheni. Mkubwa, yule mtabiri, akaacha kutabiri. Kaka mwenyewe alisema baadaye kwamba alijisikia mzito, akadhani ni uchovu wa basi la kutoka Dar.

Kilichomwamsha Bibi ni ukimya. Mlima ulikuwa unalipuka kwenye televisheni na hakuna mtoto aliyepiga kelele. Watoto wale hawajawahi kunyamazia mlipuko. Akatoka na blanketi mabegani, akasukuma mlango uliokwama kwa ile shuka, akausukuma tena kwa bega mpaka ukafunguka. Hakuuliza kitu. Alishika mikono ya jiko kwa upindo wa kanga, akalitupa uani, makaa yakatawanyika kwenye udongo, akarudi kufungua madirisha huku akiniita kwa jina langu lote. Tukawaburuta watoto nje mmoja mmoja. Mdogo alitapika kwenye kizingiti. Kaka alijaribu kusimama ambebe, magoti yakakataa, akaanguka kwa mikono miwili. Jirani akawasha bajaji yake. Hospitalini wakawekewa oksijeni, na kulipokucha wote wanne walikuwa wanaongea.

Kile walichokuwa wanavuta ni kaboni monoksaidi. Mkaa huitoa unapoungua bila hewa ya kutosha, na hutoka hata makaa yakiwa mekundu na moshi umekwisha. Haina rangi wala harufu. Ikifika kwenye damu hushikana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua vizuri tu na mwili wake unakosa hewa.

Kwenye filamu maji ya bomba hubadilika rangi, kindi hufa, ardhi hutetemeka, hata mtu mzito wa kuelewa hupata nafasi ya kukimbia. Hapo ndipo filamu zinapotudanganya. Ziwa Nyos nchini Kamerun lilipotoa hewa ya kaboni dayoksaidi usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, watu wapatao 1,700 walikufa, wengi wakiwa usingizini. Jirani zetu wa Goma, chini ya mlima wa volkano wa Nyiragongo, wana mazuku, hewa hiyohiyo inayojikusanya mabondeni, na wanajua kwamba mlima unaweza kuua siku ambayo haujalipuka.

Lakini kuna jambo moja filamu zimelipatia. Paul si mtu mbaya. Anaogopa kutangaza hatari isiyotokea, kwa sababu mji mwingine uliwahi kuharibikiwa kwa tahadhari ya namna hiyo. Kaka yangu naye alilileta jiko ndani kwa kuwapenda watoto, na hilo silisahau hata nikikumbuka mdogo wetu alivyokuwa amelegea mikononi mwangu. Anayebisha mara nyingi ana sababu nzuri, na ndiyo maana anasikilizwa kuliko bibi aliyekwisha kuvaa nguo za kulalia.

Msomaji wa Songea, Njombe, Mbeya na kote kwenye baridi: mkaa uachwe nje, hata ukiwa umekolea, hata kwa nusu saa. Karai la maji kando ya jiko haliondoi kaboni monoksaidi. Na ikitokea jiko limo ndani, mtu akasema kichwa kinauma, usianze kutafuta Panadol. Toeni watu wote nje kwanza, kisha wapelekeni hospitali na mseme wazi kwamba walikuwa na jiko chumbani.