Ayala wa Majirani Wanne

Katika Nyanda za Juu za Scotland palikuwa na mlima mmoja, kundi moja la ayala na majirani wanne. Mlima haukuwa na uzio. Ayala walilala upande uliokingwa na upepo, wakala penye majani na kunywa penye maji. Mipaka ilikuwa kwenye hati za ardhi na kwenye vichwa vya wenye hati.

Bonde la juu lilikuwa la Bwana Mapembe. Riziki yake ilitoka kwa wageni waliolipa fedha nyingi wapande mlima, wapige dume mmoja na kurudi kwao na pembe za matawi. Kwa sababu hiyo hakutaka jike auawe kwake. "Jike ndiye chambo," alisema. "Penye majike, madume watakuja wenyewe ikifika Oktoba." Theluji ilipoanguka aliwamwagia nyasi kavu na viazi ili kundi lisihame.

Mashariki alikaa Bi Miche, aliyenunua ardhi kwa nia ya kurudisha misonobari ya asili. Kila mche uliochomoza uliliwa kabla haujafika magotini. Yeye alitaka majike wapungue, tena upesi, na watu wake walipiga wengi bila kumwambia mtu.

Chini, karibu na barabara, alilima Mzee Shayiri, mpangaji wa ekari chache, mwenye kondoo wake na shayiri yake. Njaa ilipokaza mlimani, kundi lilimshukia usiku na kumwachia vishina asubuhi. Na katikati, juu ya kigongo chembamba, alikuwapo Bwana Mpakani. Ardhi yake ilikuwa ndogo na haikuwa na malisho ya maana, lakini ayala waliotoka kwa Bi Miche kwenda kwa Bwana Mapembe hawakuwa na njia nyingine. Akajenga dungu hatua tatu kutoka mpakani, uso wake ukiangalia kwa jirani.

Sheria ya Scotland inasema ayala wa porini, maadamu yu hai, hana mwenyewe. Haki ya kumpiga ni ya mwenye ardhi aliposimama. Majirani wote wanne waliijua sheria hiyo, na kila mmoja alishika nusu iliyomfaa. Ilipozungumzwa habari ya pembe na nyama, walikuwa "ayala wangu". Ilipozungumzwa shayiri iliyoliwa, wakawa "ayala wa jirani".

Mwaka mmoja wakaamua kuhesabu, kila mtu na siku yake. Jumatatu Bwana Mapembe akapata ayala 200. Jumatano Bi Miche akapata 190. Ijumaa alfajiri Mzee Shayiri aliwasha taa akawakuta 180 shambani mwake, na Jumamosi Bwana Mpakani, juu ya dungu, akahesabu 200. Walipojumlisha wakapata ayala 770, wakaanza kugombana. Bi Miche alitaka nusu yao wauawe. Bwana Mapembe alijisifu kwamba hakuna mlima wenye neema kuliko wake. Mzee Shayiri alidai fidia ya midomo 770.

Palikuwa na msasi wa zamani aliyewahi kufanya kazi kwa wote wanne, wakimwita Mzee Darubini. Yeye aliuliza jambo moja tu: "Katika hesabu zenu, mlimwona jike mzee mwenye sikio la kushoto lililochanika?" Kila mmoja alikuwa amemwona. Jike huyo ndiye aliyeongoza kundi, na alikuwa amehesabiwa mara nne. "Mali bila daftari hupotea bila habari," Mzee Darubini akasema, "na ninyi mna madaftari manne ya mali moja." Hawakumsikiliza. Kila mtu alirudi kwake na hesabu yake.

Oktoba ikafika, madume wakinguruma usiku kucha. Jioni moja, mwanga ukiwa umekwisha kufifia, Bwana Mpakani alimwona dume mkubwa akitokea kwenye miti ya Bi Miche. Hakungoja ageuke ubavu. Risasi ikamwingia nyuma, tumboni, na yule dume akarudi mbio alikotoka.

Hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa wengi huona adabu za uwindaji ni mapambo ya matajiri. Mnyama aliyepigwa vibaya, asipobughudhiwa, mara nyingi huenda mbali kidogo tu akalala. Mwindaji mwenye adabu hutia alama mahali mnyama aliposimama, akaangalia damu ni ya namna gani na manyoya gani yameanguka. Ikiwa mnyama amevuka mpaka, humpigia jirani simu: nimekosea, amepita kwako, naomba ruhusa nije, tena njoo na mbwa wako unisaidie. Maneno hayo machache ndiyo yanayomfupishia mnyama mateso.

Bwana Mpakani hakupiga simu. Aliona haya, akahofia na pembe. Alichukua tochi na bunduki akavuka gizani. Dume alisikia hatua, akainuka, akaenda mbali zaidi. Bi Miche aliona mwanga kwenye miti yake, akadhani ni majangili, akaja na watu na kelele, na dume akainuka tena. Siku ya tatu Kunguru alimkuta bondeni, amekufa na tumbo limejaa. Nyama iliyozidi kilo 60 haikufaa tena kuliwa. Majirani wale wawili waliacha kusalimiana kwa sababu ya mpaka. Mimi naona kosa la kuvuka lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa zile siku mbili alizoishi yule dume na risasi tumboni.

Kisha ukaja msimu wa baridi mrefu. Theluji ya mwisho ilianguka Aprili, wakati mafuta yote ya vuli yameisha mwilini. Nyasi za Bwana Mapembe ziliishia Machi, na kundi aliloliweka mahali pamoja lilikuwa limekwisha kula kila jani la karibu. Walioanguka kwanza ni ndama, kisha madume, kwa maana dume hutumia Oktoba nzima kupigana na kufuata majike bila kula vya kutosha, akaingia kwenye baridi akiwa amekonda.

Theluji ilipoyeyuka, wanyama walikutana chini ya Mzee Msonobari, aliyekuwa na umri wa miaka 300 na hakuwa na mtoto hata mmoja aliye hai.

"Shikamoo, Mzee," alisema Kunguru.

"Marahaba. Wewe peke yako ndiye uliyenenepa mwaka huu." Kisha Mzee Msonobari akamgeukia jike mwenye sikio lililochanika. "Bibi Sikio, sikuiti nikulaumu. Lakini watoto wangu wote wamepita mdomoni mwako."

"Sikatai," Bibi Sikio alijibu. "Nami nimezika wangu wawili kwenye korongo. Mababu zetu walipunguzwa na mbwamwitu, na mbwamwitu walikwisha Scotland zaidi ya miaka 200 iliyopita. Kazi yao wamerithi wenye bunduki. Mbwamwitu waliwinda kwa pamoja na kujuana nani ameshiba. Bunduki hizi ni nne na hazisemezani. Huyu anatulisha tuzae, yule anatupiga tuishe, na hakuna anayejua mwenzake amefanya nini. Naiogopa risasi, Mzee, lakini iliyolengwa vizuri ni ya mara moja. Njaa ya Aprili imemchukua mwanangu siku tisa."

Mbayuwayu alikuwa amefika kutoka Afrika siku ileile. "Msidhani ni ninyi tu," alisema. "Wenzangu wanaopita Kilimanjaro wamenisimulia habari za tembo wa Amboseli. Hulala Kenya, wakavuka kula Enduimet, Tanzania. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, Tanzania hutoa vibali. Baada ya malalamiko ya miaka ya 1990, tembo wale wa mpakani walikaa karibu miaka 30 bila kuwindwa. Kuanzia mwaka 2023 madume kadhaa wenye pembe kubwa wamepigwa tena walipovuka. Upande huu husema tembo ni wetu, upande ule husema aliyesimama kwetu ni wetu."

"Na tembo wenyewe husemaje?" Mzee Msonobari akauliza.

"Tembo hutafuta maji."

Baraza halikutoa hukumu. Lilimtuma Kunguru. Aliruka mbele ya Mzee Darubini, akatua, akaruka tena, mpaka akamfikisha kwenye korongo walikolala ndama 11. Mzee Darubini alivua kofia. Kisha akatoa kisu, akakata mguu mmoja, akaufunga kwenye koti lake.

Jioni hiyo aliwaita wote wanne nyumbani kwa Mzee Shayiri, mtu pekee aliyekuwa bado anasalimiana na kila mmoja. Aliweka mfupa wa paja juu ya meza na kuupasua kwa nyundo. Uboho wa ayala mwenye afya ni mweupe na mgumu, umejaa mafuta. Huu ulikuwa mwekundu, wa majimaji, ukateleza mezani na kutetemeka karibu na kikombe cha Bwana Mapembe.

"Huyu ni wa nani?" Mzee Darubini aliuliza. Hakuna aliyesema "wangu", na hakuna aliyethubutu kusema "wa jirani".

"Bwana Mapembe, unawalisha majike ili upate madume. Nenda kisiwa cha Rum ukawaulize watafiti wanaomjua kila ayala kwa sura yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliacha kuwapiga ayala wa kaskazini ya kisiwa. Majike wakaongezeka. Ndama dume wakafa zaidi kuliko ndama jike, na madume vijana wakahama. Mwisho wake majike wakawa wengi na madume wachache. Majike unaowalinda ndio wanaokuondolea pembe."

"Bi Miche, umepata ushahidi wako Glenfeshie, ambako tangu mwaka 2004 ayala walipunguzwa sana na misonobari ikaota yenyewe. Sikupingi. Lakini watu wako wanapiga jike na kumwacha ndama wake amesimama. Ndama wa namna hiyo wengi hawafiki Aprili. Ukimchukua mama, usimwache mtoto. Tena mjulishe jirani kabla, asije akaamka na kuona mlima mtupu akadhani ameibiwa."

Kwa Bwana Mpakani hakuongeza sauti. "Wewe unavizia kwa sababu hakuna aliyewahi kukugawia. Nami ningekuwa wewe pengine ningejenga dungu hapohapo. Lakini unamngoja mnyama aliyenoneshwa na wenzako, halafu unampiga kwenye giza. Sogeza dungu ndani, mgongo uupe mpaka. Nao wakupe fungu lako lijulikane."

Walikaa mpaka usiku wa manane. Mzee Shayiri aliandika, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Wangehesabu siku moja, saa moja, wote wanne mlimani na simu mkononi. Majike wangepunguzwa kwa idadi waliyokubaliana, katika msimu wao ulioanza 21 Oktoba na kwisha 15 Februari, na kila mmoja angeandika aliowapiga katika daftari moja. Hakuna kumwaga chakula bila wengine kujua. Mnyama aliyejeruhiwa akivuka, simu ipigwe usiku au mchana, na anayepigiwa asikatae. Mzee Shayiri angepata nyama kila vuli, kwa ajili ya shayiri yake. Bwana Mpakani angepata madume wawili kwa mwaka, haki yake bila kuvizia.

Machi iliyofuata walihesabu kwa pamoja, wakapata ayala 174. Bwana Mapembe aliirudia hesabu mara tatu. Alikuwa akiwauzia wageni kiburi cha ayala 770 ambao hawakuwahi kuwapo.

Haikuwa rahisi. Watu wa Bi Miche walizidisha wanne mwaka wa kwanza, na Bwana Mapembe akasusia kikao. Lakini jioni moja ya Oktoba Bwana Mpakani alikosea tena, na safari hii alipiga simu. Bi Miche alikuja na mbwa wake, wakangoja pamoja kwenye baridi bila maneno mengi, na dume waliyemtafuta walimpata hatua 200 kutoka alipopigwa. Nyama waligawana. Mwaka wa nne miche ya msonobari ilifika kiunoni mwa Bi Miche, na madume wa Bwana Mapembe, ingawa wamepungua, walikuwa wazito kuliko wale wa zamani.

Kisha Bwana Mapembe akazeeka, akauza bonde. Mwenye bonde mpya alitoka mjini na alisikia kwamba pale palikuwa na madume wengi. Juma la kwanza liliingia lori la nyasi kavu na viazi. Mzee Shayiri hakungoja barua. Alichukua daftari, akachukua na paja la nyama ya ayala, akapanda kwa miguu mpaka langoni kwa jirani mpya, akabisha hodi.

Vikundi vya majirani wa namna hii vipo kweli leo katika sehemu kubwa ya Nyanda za Juu za Scotland. Sheria inaipa serikali uwezo wa kuingilia pale ayala wanapoharibu mashamba au misitu, lakini kujiunga na kikundi ni hiari ya kila mwenye ardhi.