Nasaha za Makapera

Wapo mahodari wa safari, aghalabu makapera, waliotunasihi mimi na mama watoto kwamba mwenye mtoto wa miaka miwili na ushei, naye ameazimia kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, masafa yapitayo kilomita 500, hana budi kuondoka baada ya sala ya isha, kwa kuwa mtoto, kwa tabia yake, husinzia mara gari lishikapo mwendo. Nasaha hiyo tuliipokea kwa taadhima.

Hakika alilala: tangu Kibaha hadi Chalinze, wakati ambao sisi wenyewe tulikuwa macho na wachangamfu. Hapo akaamka, akataka maji. Alipopewa maji akataka kikombe kingine. Na alipopata kikombe kingine akauliza, kwa sauti ya kadhi aliyeghadhibika, mwezi unatufuata kwa sababu gani. Shauri hilo lilidumu hadi Segera. (Korogwe alitapika, hayo tuyaache.) Kisha yakaja matuta ya barabarani, yaliyowekwa kwa ajili ya salama ya raia, ambayo kila tulipokaribia kumbembeleza yalimzindua upya, naye akacheka na kuamuru turudi tuyaruke tena. Same, alfajiri, askari alimulika tochi ndani ya gari, akazitazama nyuso zetu, akaturuhusu kupita bila ya kudai leseni.

Tuliwasili Moshi saa moja asubuhi. Bwana mdogo alikuwa amelala fofofo tangu Himo, na shangazi zake wakatusihi tunyamaze, maana safari imemchosha.