Mhadhara wa Wazi: Namna ya Kupokea Kipigo kwa Heshima

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiwe, wazee wa kahawa, vijana wa bodaboda mliozima injini kwa heshima yangu: tulieni. Mbele yenu amesimama mtaalamu pekee, Afrika Mashariki na Kati, wa fani ya Kufungwa na Kustahimili. Shahada ya uzamivu nimejitunuku mwenyewe, kwa kuwa vyuo vikuu vilikuwa vinachelewa.

Msingi wa fani hii niliuweka tarehe 6 Mei 2012, siku Simba yetu ilipoifunga Yanga mabao matano kwa bila, na moja akalifunga kwa penalti Juma Kaseja. Kipa, jamani! Jioni ile nikaenda kwa jirani yangu, shabiki wa Yanga, Mwananchi wa kindakindaki, nikamkuta amejifungia chumbani. Nikamhutubia kupitia dirishani mpaka adhana ya isha. Nilimwambia mpira una matokeo matatu. Nilimwambia mwanamume hazimi simu kwa kuogopa utani, halaumu kocha wala mwamuzi, na wala hasusi chakula cha nyumbani kwake. Nikamkumbusha Julai 1977, tulipowapiga sita, Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake, na bado Yanga haikuhama Jangwani. Yote hayo niliyatoa bure. (Mwaka 1968, walipotufunga sisi tano, tungali tunaitwa Sunderland, sikuutaja. Daktari hamchoshi mgonjwa kwa takwimu.)

Sasa wapo wachochezi wanaodai kwamba tarehe 5 Novemba 2023, siku Yanga walipotufunga, niliukana ushauri wangu mwenyewe. Nimekuja kuwasomesha.

Kwanza, siku ile hatukufungwa tano bila. Tulifungwa tano moja. Ushauri wa 2012 niliuandaa mahususi kwa mgonjwa wa tano bila, mtu ambaye hakuonjeshwa tumaini lolote. Mimi nilionjeshwa! Musonda alitangulia kufunga, sawa. Lakini dakika chache baadaye Kibu Denis akasawazisha, tukaenda mapumziko moja moja, na nikaagiza kahawa na kashata kwa kijiwe kizima. Kipindi cha pili akaja Nzengeli, akaja Aziz Ki, akarudi Nzengeli yuleyule, na Pacôme akapigilia penalti. Hayo ni maumivu ya aina nyingine kabisa, na aliyevunjika mguu hapewi dawa ya homa. Kashata zenyewe zililiwa na wenye kijani.

Kuhusu simu: sikuizima, niliipumzisha. Mwamuzi sikumlaumu, nilifanya tathmini ya kina ya macho yake na ya ukoo wake, kwa sauti iliyowafikia watafiti wa mtaa wa pili. Kocha nilimtaka aondoke usiku uleule, na siku chache baadaye akaachana na klabu. Je, huo ni ukosefu wa subira, au ni utabiri? Mama watoto alipouliza kama aondoe sahani, sikususa. Nilifunga. Katika siku kama ile, ilikuwa lazima upande wetu apatikane mtu wa kufunga.

Lakini lililonisikitisha kitaaluma ni jirani. Alikuja usiku akaegemea dirisha langu, kijani na njano kuanzia kofia mpaka kandambili, akanirudishia mhadhara wangu wa 2012 neno kwa neno, na kikohozi changu akakiweka palepale nilipokohoa. “Mzee mwenzangu,” akasema, “mpira una matokeo matatu.” Huu, ndugu zangu, ni wizi wa maarifa. Hakunitaja kuwa chanzo. Tena alisoma vibaya: alipofika kwenye simu alicheka, ilhali pale mimi niliweka simanzi. Miaka kumi na moja mtu amehifadhi maneno yangu yote kifuani, na kumbe hakuelewa hata moja! Nilimjibu kwa njia inayokubalika kimataifa: nikafunga dirisha.

Kutokana na tukio hilo nimegundua Kanuni Kuu, nayo naomba iandikwe: ushauri husafiri upande mmoja tu, kutoka kwa aliyefunga kwenda kwa aliyefungwa. Ukirudishwa ulikotoka hauna nguvu tena. Ndiyo maana mtaalamu wa kweli hajitibu. Anayefuata ushauri wake mwenyewe amekosa wateja.

Tukio litakapojirudia, na wataalamu hatusemi litakuwa la nani, nipo tayari kuzunguka tena madirishani. Ada ni kahawa moja, ilipwe kabla ya mpira kuanza.

Maswali mlete kwa maandishi. Wenye jezi za kijani na njano nanyi mnakaribishwa, ila mikono yote ibaki mifukoni; nikiona vidole vitano vimenyooshwa, mhadhara umekwisha. Wewe wa pale nyuma, nimekuona. Umekwisha.