Mpe Pilipili Talaka Moja

Talaka ya pilipili haitolewi kwa hasira. Kwanza washa taa, simama mbele ya kioo, fungua kinywa, livute shavu kwa kidole. Ukiona mistari myembamba myeupe iliyopishana, na kati yake pamekuwa pekundu, panawaka hata ukinywa chai ya maziwa, usimfukuze mtu jikoni siku hiyo. Nenda kwa daktari wa meno na kinywa, atazame, na akiona haja akate kinyama kidogo kipimwe maabara. Talaka isiyo na ushahidi huvunja nyumba bure, na mabaka meupe mdomoni yana sababu nyingi: fangasi, jino lenye ncha linalokwaruza shavu, sigara, na mara nyingine mwanzo wa saratani.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekwisha kupimwa akaambiwa ana laikeni planasi ya kinywa. Erasmus Wilson, daktari wa ngozi wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1869. Ile mistari myeupe ikapewa jina la Mfaransa Louis Wickham, aliyeichambua mwaka 1895. Inakadiriwa kwamba unampata takriban mtu 1 katika kila 100, kwa hiyo kwenye harusi yoyote kubwa ya mtaani hukosi mwenzako. Kinachotokea ni kwamba chembe za kinga ya mwili, ziitwazo seli T, huigeukia ngozi laini ya kinywa na kuzishambulia seli za tabaka lake la chini. Ngozi inakonda, inachubuka, inabaki wazi. Hapo ndipo chakula kinapoingia kwenye kesi. Hakikuanzisha ugomvi, na kukiondoa hakutaumaliza. Lakini ndicho kinachoamua kama utamaliza sahani yako au utainuka mezani umeshika shavu.

Katika talaka hizi mwanamke anatoa sawasawa na mwanamume. Tena anayo haki zaidi, maana ugonjwa huu huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa waliovuka umri wa makamo.

Anza na pilipili, kwa sababu yeye ndiye mwenye kelele. Kinachowasha ndani yake ni kapsaisini, nayo hushika kwenye neva kipokezi kilekile kinachoupa ubongo habari ya moto. David Julius, mwanasayansi wa California, alikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 akatunukiwa Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Mwenye kinywa kizima ana ngozi nene kati ya pilipili na neva zake. Wewe ngozi hiyo imechubuka, na kipande cha pilipili mbuzi ambacho jirani anakiita utamu wa chakula, kwako kinaharibu mlo wa leo na wa kesho.

Mpe talaka moja. Moja tu, ile ya rejea. Akae eda, na katika eda hiyo usimchungulie popote: si kwenye kachumbari, si kwenye chatini ya bagia, si kwenye muhogo wa kukaanga, wala kwenye embe mbichi za watoto wa shule. Vidonda vikishafunga na daktari akasema pametulia, unaweza kumrejea kwa masharti. Mtie mzima ndani ya sufuria ya maharage ya nazi, umwangalie, na umtoe kabla hajapasuka. Utapata harufu yake ukaachana na ukali wake, na kwa wengi wetu harufu hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitamani. Akikuumiza tena, unajua zimebaki ngapi.

Ikitokea umemng'ata kwa bahati mbaya, usikimbilie maji. Kapsaisini haiyeyuki vizuri majini. Maji huitembeza tu kinywa kizima. Chukua maziwa baridi, yazungushe mdomoni taratibu, uyameze, urudie.

Baada ya pilipili wanafuata jamaa zake wachachu, na hawa ni wagumu kuwatoa kwa sababu wameingia kila chungu: ndimu, ukwaju, nanasi, nyanya, siki ya achari. Juisi ya ndimu ina pH ya karibu 2. Hata jino, lililo gumu kuliko mfupa, huanza kupoteza madini pH ikishuka chini ya takriban 5.5, fikiria basi shavu lililochubuka. Mzanzibari atahuzunika nikiutaja urojo, lakini lazima niutaje: mchuzi mchachu, bagia, chipsi za muhogo zinazokwaruza, na pilipili juu yake. Washitakiwa wote wamekaa bakuli moja. Ubuyu mwekundu wa barabarani nao uungane nao, maana una uchachu, mara nyingi una pilipili, na kazi yake yote ni kuzungushwa mdomoni.

Ila usiwe mkali kupita haki. Ndimu ya kuoshea samaki si ndimu ya kukamulia juu ya sahani. Samaki akiogeshwa ndimu kuondoa shombo, kisha akasuuzwa vizuri kwa maji, wengi wetu tunamla bila taabu. Nyanya nazo hazilazimu kufutwa. Punguza, uongeze tui na karoti iliyosagwa, na bizari ya manjano itoe rangi. Mchuzi utakuwa wa aina nyingine, na utakuwa mtamu.

Wa kuchunguzwa kwa makini zaidi ni yule mkimya ambaye hakuna anayemshuku: mdalasini. Kiambata kinachompa harufu yake kinaweza kuamsha mzio ndani ya kinywa, na mzio huo ukafanana mno na laikeni planasi. Wengine hawana ugonjwa mwingine ila huo; wakiacha mdalasini, mashavu yanapoa. Sasa hesabu mahali anapokaa: chai ya viungo, pilau, maandazi ya baadhi ya nyumba, bigijii, na dawa za meno zenye ladha kali. Kwenye chai tumia hiliki. Kwenye pilau mwombe mpishi apunguze vijiti, na vile vilivyomo uviweke pembeni ya sahani. Mafuta ya karafuu, ambayo kila bibi ana kichupa chake kwa ajili ya jino, usiyapake juu ya vidonda hivi. Yanaunguza.

Ukiwa hapo hapo, geuza boksi la dawa yako ya meno usome. Kinachotoa povu jingi mara nyingi ni sodiamu lauri salfeti, inayofupishwa SLS, na ngozi iliyochubuka haiipendi. Tafuta isiyo nayo, isiyo na mnanaa mkali, pamoja na mswaki laini. Usiache kupiga mswaki kwa kuogopa maumivu, kwa sababu ukoga ukijikusanya kwenye fizi, fizi huvimba na ugonjwa hupata nguvu.

Vikavu na vya moto havina haja ya kesi ndefu. Bisi, krispi, kashata ya njugu na ganda gumu la mkate hukwaruza. Chai inayotoa mvuke iache ipoe. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vile vinavyoelekea kusababisha saratani, kwa sababu ya saratani ya koo la chakula, kwa hiyo ushauri huu unamfaa hata asiyeumwa kitu.

Kisha wako wale wa talaka tatu, bila eda ya matumaini na bila wazee wa kusuluhisha. Wa kwanza ni tumbaku, ya kuvuta, ya kutafuna na ya kunusa. Wa pili ni pombe, pamoja na dawa za kusukutua zenye alikoholi. Wa tatu ni tambuu. Najua tambuu ina heshima yake pwani, najua ilivyopambwa harusini, lakini popoo iliyomo ndani yake iliwekwa na shirika hilohilo la saratani, katika ripoti yake ya mwaka 2004, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika, hata bila kutiwa tumbaku. Mwenye laikeni planasi tayari anabeba hatari ndogo ya ziada: takriban mgonjwa 1 katika 100, kadiri miaka inavyokwenda, hupata saratani mahali hapo. Ni wachache. Usijiongezee.

Namna ya kutoa talaka zenyewe ni hii. Usiwatimue wote kwa siku moja, hutajua ni nani aliyekuwa anakuumiza. Chukua daftari, andika ulichokula na jinsi kinywa kilivyoshinda. Ondoa mmoja, ngoja wiki mbili, tazama. Mrudishe kidogo siku ambayo kinywa kimetulia. Akiamsha moto, andika jina lake. Akipita salama, mwache akae. Midomo haifanani. Yuko anayekula nyanya kwa amani na ndizi mbivu ikamuwasha, na daftari lake ndilo lenye ukweli wake, si langu.

Kosa kubwa ninaloliona kwa wenzangu ni kubaki wajane wa kila chakula. Wanakunywa uji mtupu asubuhi, mchana na jioni, wanakonda, damu inapungua, na upungufu wa madini ya chuma, wa foliki na wa vitamini B12 nao huleta kinywa kinachowaka. Mtu anaumia, anaacha kula, anaumia zaidi. Kwa hiyo jaza nyumba. Na hapa mtu wa Afrika Mashariki ana bahati, kwa sababu nusu ya mapishi yetu bora ni laini tangu asili. Wachaga wana mtori, ndizi na nyama vilivyopondwa hadi vikaungana. Zanzibar na Mombasa zina bokoboko, ngano na nyama iliyosongwa mpaka haihitaji meno. Kuna ndizi mbichi za nazi, magimbi, kisamvu kilichotwangwa kikapikwa kwa nazi, mlenda unaoteleza wenyewe, boga, samaki wa nazi, mayai ya kuvuruga, parachichi, papai bivu, tikiti, madafu. Mkate wa kumimina ni mororo, na hiliki yake haimchokozi mtu. Maziwa ya mgando yajaribu kidogo kwanza, maana yana uchachu. Mwezi wa Ramadhani, kwa aliyeruhusiwa kufunga, futari yenyewe imekaa upande wako: tende, viazi vitamu vya nazi, uji. Shika hizo, sambusa uwaachie wageni. Ila kinywa hukauka mchana kutwa, kwa hiyo kunywa maji ya kutosha tangu magharibi hadi daku.

Kuhusu kula ugenini, usijifiche. Kwa mama mkwe sema mapema, kabla hajapakua: "Shikamoo mama. Chakula chako nakipenda, kinywa ndicho kinachoumwa. Nipe kile cha watoto." Nyumba nyingi zina sufuria ya watoto isiyo na pilipili, na mwenye kuombwa kwa adabu hakasiriki. Ukinyamaza na kuchezea sahani, ataamini hukupenda mkono wake, na hapo hata daftari halitakusaidia.

Liko pia neno linalosemwa pembeni. Watu wakiona utando mweupe kwenye ulimi wa mtu hunong'onezana juu ya ukimwi, au wanaficha vikombe. Jibu bila aibu: laikeni planasi haiambukizi, si kwa kikombe, si kwa busu, si kwa kijiko. Sioni sababu ya mama wa watu wazima kunywea kikombe chake peke yake katika nyumba aliyoijenga.

Na watakuja wenye juisi, unga na vidonge vya "kusafisha sumu", wakikuahidi kwamba ugonjwa utakwisha kwa mlo wao. Hautakwisha kwa mlo. Unatulia, unarudi, unatulia tena. Kinachozima moto ule mkubwa ni dawa ya steroidi ya kupaka au kusukutua anayoandika daktari. Itumie baada ya kula na kupiga mswaki, kisha usile wala kunywa kwa nusu saa. Dawa hiyo yenyewe inaweza kuleta fangasi, kwa hiyo ukiona utando mpya unaobanduka, rudi. Mpelekee daktari orodha ya dawa zako zote, za presha na za maumivu pia, kwa kuwa baadhi yake huleta vidonda vinavyofanana na hivi. Lakini usiache hata moja kabla ya kumuuliza. Mwonyeshe na jino lililozibwa kwa madini ya fedha kama linagusa palipochubuka.

Kinywa chenye laikeni planasi kitazamwe na daktari angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hakiumi. Na wewe usiye na ugonjwa huu lakini una kidonda mdomoni kilichopita wiki tatu bila kupona, usingoje kiume zaidi. Nenda wiki hii kaonwe.