Toroli ni Zile Zile

Naomba kuuliza: ile ngazi aliiegemeza nani? Kila kitabu cha kalkulasi kina ngazi ya mita 5 iliyoegemezwa ukutani, na kila ngazi hiyo inateleza. Mguu wake unaukimbia ukuta kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, ncha ya juu inashuka, na hakuna hata mtu mmoja anayepiga kelele "Shika!" Badala yake mwanafunzi anaulizwa: mguu ukiwa mita 3 kutoka ukutani, ncha inashuka kwa kasi gani? Kwetu pwani mtu akiona ngazi inateleza hukimbilia ngazi. Hawa wenzetu hukimbilia kalamu.

Haya yote yamenifikia kupitia mpwa wangu, yuko kidato cha tano, tahasusi ya PCM. Likizo hii ameletwa Saadani kupumzika. Kaja na daftari. Akaniamkia shikamoo mjomba, nikaitikia marahaba, na kabla sijauliza mama yake hajambo, ngazi ilikuwa imeshachorwa.

"Mjomba, hizi ni kasi zinazofungamana," akasema. Eti kuna vitu viwili vimefungwa pamoja kwa kanuni moja. Kimoja kikibadilika, cha pili hakina hiari. Kasi ya kimoja unapewa, ya mwenzake unaitafuta. Kwenye ngazi, kifungo ni Pythagoras: mraba wa umbali wa chini ukijumlishwa na mraba wa kimo cha juu, jibu ni 25, ngazi iteleze isiteleze. Ukiitafutia kanuni hiyo kasi pande zote mbili, unaona kwamba kasi ya ncha ni kasi ya mguu, zidisha kwa umbali wa chini, gawanya kwa kimo cha juu. Mguu ukiwa mita 3, kimo ni 4, basi ncha inashuka sentimita 75 kwa sekunde. Mguu ukifika mita 4, kimo kimebaki 3, ncha inashuka mita 1 na sentimita 33.

Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza ncha inapokaribia sakafu. Ikiwa imebakiza sentimita 1, kanuni ile ile inasema inashuka kwa takriban mita 500 kwa sekunde. Sauti yenyewe hewani haifiki mita 350. Yaani ngazi ya fundi rangi inaipita sauti, mbele ya ukuta wa nyumba ya watu, na mguu wake bado unatembea mwendo wa bibi harusi. Endelea kushuka, itaupita na mwanga. Ikigusa sakafu kabisa, kasi haina hata namba ya kuibeba.

"Ngazi ya kweli huachana na ukuta kabla ya hapo, mjomba," mtoto akanituliza.

Kama huachana na ukuta, basi mwandishi wa kitabu angekuwa muungwana aseme. Ila kwenye kitabu ngazi imeganda ukutani, tena kwa amri.

Nikataka kujua wa kulaumiwa. Newton ana sehemu yake: mwaka 1665 tauni ilifunga chuo chake cha Cambridge, akarudi kijijini kwao, na katika miaka ile miwili akaanza kufikiria vipimo kama vitu vinavyotiririka na wakati, kila kimoja na kasi yake. Lakini aliyeyafanya mambo haya kuwa mazoezi ya wanafunzi ni Mskoti mmoja, William Ritchie, aliyefundisha London, katika kitabu chake cha mwaka 1836. Jina la kitabu lenyewe linatangaza kwamba kimetungwa kwa mafunzo ya vijana. Nia njema kabisa: alitaka watu wa kawaida waielewe kalkulasi kwa vitu vinavyokua mbele ya macho yao. Ngazi ikaja baadaye, pamoja na ndugu yake, nguzo ya taa.

Ya nguzo ya taa ndiyo siitaki kabisa. Mtu anatembea usiku peke yake, anaiacha taa nyuma, kivuli chake kinarefuka mbele, nasi tutafute kasi ya ncha ya kivuli. Saadani imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na sisi wanakijiji tumo humo humo pamoja na tembo, nyati na simba. Mtu anayetembea usiku huku akijipimia kivuli, sisi hatumtafutii kasi. Tunawatafuta jamaa zake.

Nilipoona mtoto ameudhika, nikamchukua pwani. Nikamwambia, kama unataka kasi zilizofungamana, mbona tunazo bure? Ufuo wetu huu umelala chali. Tuchukulie unateremka mita 1 kwa kila mita 100, na leo ni bamvua, maji yanapanda jumla ya mita 3 na sentimita 60 kwa muda wa saa sita. Mabaharia hugawa kina hicho mafungu kumi na mbili: saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Basi saa ya kwanza bahari inapanda sentimita 30, na saa ya tatu sentimita 90.

Mpwa akachuchumaa, akaandika mchangani. Kila sentimita 1 ya kupanda ni mita 1 ya kuja nchi kavu. Kwa hiyo katika saa ya tatu maji yanakuja mita 90, yaani mita moja na nusu kila dakika. Akainua uso. Viatu vyake alikuwa ameviacha kule chini, tulikoanzia.

Vikapatikana, vimelowa. Nilichopenda ni kwamba mtu wa hapa hana haja ya kujua bahari imepanda kiasi gani. Anataka kujua imefika wapi. Kasi moja iko kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa, kasi nyingine iko kwenye viatu vyako.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka nyapara.

Mimi ni karani wa daftari katika mashamba ya chumvi ya tajiri mmoja ambaye jina lake halitusaidii hapa. Kazi yangu ni kuhesabu toroli. Maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba wakati wa bamvua, yakahamishwa jaruba hadi jaruba huku jua likiyanywa, mpaka chumvi inashika chini. Vijana wanaikwangua, wanaipakia, wanaimwaga mahali pamoja, na rundo linakua kwa umbo la pia. Kila rundo hukua hivyo hivyo: likinenepa ndipo linaporefuka, kwa sababu chumvi ikizidi mwinuko wake hupomoka pembeni. Kwa jicho langu, nusukipenyo cha chini ni kama mara moja na nusu ya kimo.

Nyapara hasomi daftari. Anatazama rundo. Asubuhi anasimama na chai yake, anaona rundo linapanda, anafurahi. Ikifika saa tano anakuja tena, anasimama, anakunja uso: "Hawa vijana wamechoka mapema hivi? Rundo halipandi!" Anakata posho. Nami nimekaa na daftari mapajani, toroli ni zile zile, moja kila dakika, kila moja kama lita 100, tangu saa mbili asubuhi. Nimemwonyesha. Anasema daftari linaweza kuandikwa chochote, rundo halidanganyi.

Nikampeleka mtoto kwenye rundo. Kwa mara ya kwanza likizo hii daftari lake likawa na faida kwangu. Kosa la wenzake darasani, akaniambia, ni haraka: swali likitaja mguu ukiwa mita 3, wanaiweka 3 kwenye kanuni hapo hapo, kabla ya kutafuta kasi. Ukifanya hivyo umeipigilia ngazi msumari, haina mwendo tena, jibu ni sifuri. Unaacha vitu vitembee kwanza, kasi zipatikane, ndipo utaje saa na mahali.

Tukaviacha vitembee. Mjao wa pia ni theluthi ya pai, mara mraba wa nusukipenyo, mara kimo. Nusukipenyo kikifuata kimo kwa mara moja na nusu, mjao unategemea kimo peke yake, lakini kwa kimo mara kimo mara kimo. Kasi ya kupanda kwa rundo inakuwa kasi ya toroli gawanya kwa eneo la kitako cha rundo. Na kitako kinazidi kutanuka, ndiyo siri yote. Rundo likiwa na mita 1, linapanda karibu sentimita 1 na nusu kila dakika. Likiwa na mita 2, milimita 3 na nusu tu. Kimo mara mbili, kasi robo, na hakuna kijana aliyepumzika. Tena sasa wanapandisha toroli juu ya ubao.

Akanipangia na saa kabisa. Kazi ikianza saa mbili, mita ya kwanza inatimia saa mbili na dakika 24, nyapara akiwa hajamaliza chai. Mita ya pili, saa tano na dakika 8. Mita ya tatu, hata mkiacha chakula cha mchana na sala, saa kumi na mbili na dakika 36 jioni.

Nikamwita nyapara. Alikuja, kwa heshima ya mgeni. Mpwa akampa shikamoo yake, akachora pia juu ya mchanga kwa kijiti, akaeleza kitako, akaeleza kimo, akaeleza kwamba rundo likirefuka mara mbili hupanda polepole mara nne hata toroli zikiwa zile zile. Alieleza vizuri kuliko kitabu, wala hakutaja ngazi. Nyapara alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, hesabu hiyo ni ya uhakika? Mtoto akasema ni ya uhakika. Akaniuliza na mimi. Nikasema ni ya uhakika, naweza hata kutia sahihi.

"Sawa," akasema, akiwageukia vijana wa toroli. "Mmesikia wenyewe. Kuanzia saa tano, mwendo mara nne!"