Muuza Betri Naye Ana Watoto

Watu wakinunua kompyuta mpakato huiombea maisha marefu. Ni ubinafsi tu. Hawamfikirii yule kijana mwenye kabati la kioo pale Kariakoo, aliyepanga betri nyeusi za kila umbo, kila moja ndani ya nailoni yake yenye vumbi. Yeye ale nini? Kodi ya fremu alipe na nini? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Ukiufuata sawasawa, betri yako itakuwa hoi mara tu warantii ikiisha, nawe utakuwa umemsaidia kijana kulipa ada za watoto.

Silaha kuu ni joto, na hakuna nyingine inayolifikia. Betri za laptopu zetu ni za lithiamu-ioni, aina ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991. Waliojenga misingi yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97 wakati huo, na alifikisha 100 kabla ya kufariki. Mzee wa watu alidumu kuliko betri zote alizotuachia. Ndani ya kila seli kuna kimiminika kinachopitisha lithiamu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Joto likizidi, kimiminika hicho huharibika na kuacha utando unaonenepa kama ukoko wa wali chini ya sufuria, na lithiamu iliyonaswa humo hairudi tena kazini.

Basi laptopu itumie kitandani. Si juu ya meza, wala juu ya ubao: juu ya godoro, na blanketi likiwepo ni bora zaidi. Matundu ya hewa mengi yako chini au pembeni, kwa hiyo godoro litayaziba bila wewe kuhangaika. Feni ikianza kulalamika, ongeza sauti ya filamu. Apple hushauri vifaa vyake visitumike penye joto la zaidi ya nyuzi 35, lakini hao hawajawahi kulala chumba cha bati Dar es Salaam mwezi wa Februari. Mchana, iache kwenye kiti cha gari, vioo vimefungwa, huku wewe umeingia benki mara moja tu. Foleni ya benki itamalizia kazi.

Usiku ichomeke. Kesho yake pia, na wiki ijayo. Seli iliyojaa kabisa hufika karibu volti 4.2, na kukaa katika shibe hiyo siku nenda siku rudi huichakaza hata kama huigusi. Ongeza joto la godoro, na hapo umechanganya sumu mbili katika kikombe kimoja. Bahati mbaya watengenezaji wamejua mchezo huu. Laptopu nyingi za Lenovo, Asus na Dell zina mpangilio wa kuizuia chaji isivuke asilimia 80 au karibu na hapo. Usiutafute. Jirani akiona 80 atadhani umeishiwa hela za Luku.

Hapa kuna mbishi mmoja nisiyeweza kumjibu kwa kejeli. Husema umeme unakatika bila hodi, hivyo betri isiyojaa ni kazi isiyokwisha. Ana hoja. Siku ukijua kuna mgao, au una safari ya basi, ijaze pomoni. Siku nyingine zote, 80 inatosha. Lakini muuza betri asijue nimesema hivi.

Kisha mtii mzee wa ofisini. Kila ofisi inaye. Atapita nyuma yako, atakuona unashika waya, atasema: “Mwanangu, usichomeke bado. Iache izime yenyewe.” Nawe, kwa sababu umelelewa, utajibu, “Sawa, mzee,” na kurudisha waya mezani. Mzee hakosei kwa zama zake. Betri za nikeli-kadimiamu zilikuwa na ugonjwa wa kukariri chaji nusunusu, na dawa yake ilikuwa kuzikausha. Lithiamu haina ugonjwa huo. Kukaushwa kila mara ndiko kunakoizeesha. Kwayo, kuchaji nusu leo na nusu kesho huhesabiwa kama mzunguko mmoja tu, kwa hiyo kuidokolea chaji mchana kutwa si dhambi. Mzee usimwambie. Heshima ni kitu cha bure, betri ndiyo ya kununua.

Chaja nayo nunua dirishani, basi likiwa limesimama. Utaambiwa ni “orijino kabisa, bosi.” Soma jina la kampuni polepole: likiwa na herufi moja ya ziada, umeipata.

Kuhusu matumizi sina mengi. Pandisha mwangaza wa skrini hadi mwisho, hata ukiwa gizani, na kwenye kivinjari usifunge kitu ulichokifungua tangu mwaka jana. Hesabu yake ni nyepesi: betri ya wati-saa 50, ukitumia wati 10, inakupa saa 5, ukitumia wati 25, unabaki na saa 2. Huiui kwa siku moja, lakini utaichaji mara nyingi zaidi, na mizunguko ya chaji ina mwisho wake.

Walimu na wanafunzi, ninyi mna nafasi ya pekee wakati wa likizo ndefu. Itumieni hadi izime, muifungie kabatini ikiwa sifuri, mrudi Januari. Betri hujimaliza polepole hata ikiwa imelala. Ikishuka kupita kiasi, saketi yake ya ulinzi hukataa kabisa kupokea chaji. Wenye roho mbaya huiacha ikiwa nusu na mambo yao yanakuwa sawa.

Hao wenye roho mbaya wana uchawi mwingine. Kwenye Windows hufungua dirisha la amri, wakaandika powercfg /batteryreport, wakapata ripoti yenye ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo wake wa sasa. Ndivyo wanavyojua ukweli kabla hata ya fundi.

Kejeli inaishia hapa. Padi ya kugusa ikiwa imeinuka, au laptopu haikai sawa mezani, betri imevimba. Usiibonyeze, usiitoboe, wala usiichaji tena. Agosti 2006 Dell iliwataka wateja warudishe betri milioni 4.1 zenye seli za Sony kwa sababu ya hatari ya kushika moto. Zima mashine, chomoa waya, itoe kitandani, mpelekee fundi leo hii. Na kijana wa Kariakoo akikuuzia nyingine, dai risiti.